Mabomba na sampu ya tanki la matumbawe hapa Dodoma, nichekieni huu mpango kabla sijatoboa kioo

Mtanga wa Nzuguni

Wakuu mbukwenyi, habari za jumapili. Mimi ni mtu wa Tanga, nimekulia Raskazone, sasa ofisi ikatuhamishia huku makao makuu na bahari naiona kwenye likizo tu. Samaki wa maji baridi nimefuga miaka 3 hivi, sasa nataka nipande daraja, tanki la maji chumvi lenye matumbawe kabisa siyo samaki peke yao. Mama watoto amekubali kwa sharti moja, maji yasiguse zulia lake la sebuleni.

Tanki limeshakatwa, kioo cha milimita 10, urefu 120, upana 50, kimo 50, yaani lita 300 likijaa mpaka juu. Sampu, yaani lile tanki dogo la kuchujia maji, itakaa chini ndani ya kabati, 90 kwa 40 kwa 40. Mpango wangu uko hivi: natoboa tundu moja nyuma karibu na juu, bomba la inchi moja linashusha maji kwenye sampu, kule yanapita kwenye soksi ya kuchujia, yanaenda kwenye skima (kile kifaa kinachotoa uchafu kwa mapovu), yanamalizikia kwenye chumba cha pampu, pampu inayarudisha juu. Bomba la kurudisha nitalishusha ndani ya tanki mpaka karibu na mchanga, kama sentimita 30 chini ya uso wa maji, ili lichochee uchafu wa chini usilale. Sampu nitaijaza mpaka sentimita 35 ili niwe na maji mengi, nimesoma kwamba maji yakiwa mengi tanki linatulia. Pampu nimeona moja ya lita 6,000 kwa saa. Fundi wangu amesema atafunga kila kitu kwa PPR, yale mabomba ya plastiki ya kuunganisha kwa moto, na geti valvu mbili za shaba, imara, haziishi leo wala kesho.

Maswali yangu: hiyo pampu inatosha au nichukue ya 8,000? Na kuna cha kurekebisha? Natanguliza shukrani.

Chizi wa Area D

Ikulu imekuja, bunge lipo, treni ya umeme ipo, sasa na bahari nayo mnaihamishia Dodoma 😂 bado papa tu aje aapishwe. Ngoja waje wajuvi, mimi nimekaa pale kwenye kona na kahawa yangu.

Mzee wa Sampu

Mtanga usitoboe chochote. Weka drili chini, kunywa maji, halafu soma hii taratibu.

Umeuliza pampu inatosha au haitoshi. Hilo ni swali la tatu au la nne huko. La kwanza ni hili, umeme ukikatika saa nane usiku na wewe unakoroma, maji yaliyoko juu yanaenda wapi na yanaishia wapi. Ukishalijibu hilo kwa namba, mabomba yanajichora yenyewe.

Chukua kalamu. Pampu ikizima, lile bomba lako la kurudisha linageuka mrija, kama wale jamaa wanaofyonza dizeli kwenye lori kwa mpira, maji yanarudi kinyumenyume kushuka kwenye sampu na hayasimami mpaka bomba livute hewa. Na hewa litavuta pale tu maji yatakaposhuka hadi mdomoni mwake, ambao wewe umeuweka sentimita 30 chini. Tanki lako ni 120 kwa 50, kila sentimita moja ya kimo ni lita 6, kwa hiyo sentimita 30 ni lita 180. Sampu yako kila sentimita ni lita 3.6, umeijaza mpaka 35 kati ya 40, nafasi iliyobaki ni lita 18. Hizo 162 zilizobaki ni za zulia la mama watoto. Haya toa nafasi inayoliwa na mawe, sema 130. Bado utahama nyumba.

Najua utasema utafunga non-ritani, ile valvu ya kupitisha maji upande mmoja tu. Mimi nilifunga. Ilifanya kazi miezi 7 bila tatizo, mwezi wa 8 konokono mdogo kama punje ya mtama akakaa kwenye kile kimlango, umeme ukakatika, kimlango hakikufunga. Niliamka kwenda msalani nikakanyaga maji, nikadhani mtoto kaacha koki ya jikoni wazi, nikamwita kwa hasira. Kumbe ni bahari yangu. Kibaya zaidi ekstenshen ilikuwa chini sakafuni, imelala kwenye maji ya chumvi kabisa, na umeme ungeweza kurudi sekunde yoyote. Nilizima meni swichi kwanza nikaja kuivuta kwa mwiko wa ugali, gizani, miguu imelowa. Tangu siku hiyo soketi zangu zote ziko juu ukutani, na kila waya unashuka chini kwanza ndo upande kwenye plagi, ili tone likiteleza kwenye waya lidondoke sakafuni lisiingie kwenye soketi. Non-ritani sina na sitaki kuiona.

Sasa rekebisha hivi. Mdomo wa bomba la kurudisha uweke sentimita 2 tu chini ya uso wa maji, na utoboe kitundu cha milimita 5 au 6 kwenye hilo bomba pale pale usawa wa maji, kivute hewa mapema. Hicho kitundu ukisugue kwa mswaki kila wiki maana mwani unakipenda kuliko sehemu nyingine yoyote. Kuchochea uchafu wa chini siyo kazi ya pampu ya sampu, nunua vipampu viwili vya mawimbi uvibandike ndani ya tanki kwa sumaku.

Tuhesabu upya. Uso wa maji ukishuka sentimita 3 ni lita 18. Ndani ya tanki, pale kwenye tundu, utaweka kiboksi ambacho maji yanamwagikia kabla ya kushuka, tuseme ni 30 kwa 12 na maji yake yakashuka sentimita 15, ni lita 5 na kidogo. Maji yaliyo ndani ya mabomba weka lita 2. Jumla 25, yaani sampu itapanda sentimita 7. Kwa hiyo usiijaze mpaka 35, iendeshe kwenye 22, umeme ukikatika inapanda mpaka 29 au 30 na inabaki na sentimita 10 za kupumulia. Maji mengi yanatuliza tanki kweli kabisa, ila ni yale yaliyobaki ndani ya tanki.

Halafu kuna hesabu ya upande wa pili ambayo watu wengi wanaisahau. Bomba la kushusha likiziba, labda jani la mwani au huyo huyo konokono, pampu itaendelea kupandisha maji mpaka chumba chake kikauke. Kwa hiyo chumba cha pampu kiwe kidogo makusudi. Ukikifanya 25 kwa 40, kila sentimita ni lita moja, pampu ikivuta sentimita 15 imepandisha lita 15, juu yanaongezeka sentimita 2 na nusu. Ukiwa umeacha sentimita 4 kutoka uso wa maji hadi ukingo, hakuna tone linalomwagika. Pampu itanguruma kavu tu, utaisikia.

Na tundu moja halitoshi kabisa. Fanya mtindo unaoitwa Herbie, matundu mawili ndani ya kiboksi. La kwanza lina bomba linaloshuka limejaa maji tupu bila hewa, unalibana kwa geti valvu hadi lipokee karibu maji yote ya pampu. La pili mdomo wake uko juu kidogo, linapokea yale machache yaliyozidi, na la kwanza likiziba hilo linabeba mzigo wote. Bomba moja lenye hewa na maji mchanganyiko linakoroma kama mzee mwenye mafua, sebuleni hamtasikilizana. Kumbuka tu bomba la pili lisifungwe valvu yoyote, hata kwa bahati mbaya.

Pampu sasa. Ile 6,000 ya kwenye boksi imepimwa bila kupandisha maji popote. Wewe unapandisha mita 1 na nusu hivi, na kila elbo inakula chake. Kwa tanki lako maji yakizunguka kupitia sampu lita 1,500 mpaka 2,000 kwa saa yanatosha sana. Soma ule mchoro wa pembeni ya boksi, tafuta pampu ambayo kwenye mita 1.5 inakupa hiyo 2,000. Ya 8,000 itakusumbua kwa kelele, joto na luku.

Fundi Koki

Mimi samaki sijui zaidi ya sato wa kukaanga ila mabomba ndo kazi yangu, mwaka wa 14 huu. Huyo fundi wako hajakosea kwa nyumba, kwa tanki la chumvi amekosea. Niliwahi kumfungia bosi mmoja kwa PPR na geti valvu za shaba, kazi safi nikapiga na picha, wiki ya tatu ananipigia simu kamba wake wote wamekufa na konokono wamelala chali, samaki wazima. Nikamwambia bosi mimi nimefunga bomba sijaweka sumu. Kumbe nimeweka, mimi mwenyewe kwa mkono wangu. Valvu nilirudisha kwa hela yangu.

PPR yenyewe ni plastiki haina neno, shida ni zile adapta zake za tredi, ndani zina shaba na mtu haoni mpaka azichungulie. Na ukishaichoma umechoma, ukitaka kufungua unakata. Funga PVC ya gundi, ile ya presha siyo ile nyembamba ya maji taka, inchi moja kwa kurudisha, inchi na robo kwa kushusha. Weka yunioni juu ya pampu na kila upande wa valvu, siku ya kusafisha unazungusha kwa mkono unatoa. Geti valvu ya plastiki hapa mjini sijaikuta kwenye hadiwea, zipo boli valvu tu, na boli valvu ukiigusa kidogo imeruka kutoka nyingi hadi hakuna, kwa hiyo agiza Kariakoo.

Konekta ya tanki, ile inayopitisha bomba kwenye kioo, raba yake ikae upande wenye maji, nati unakaza kwa mkono halafu robo zamu tu, ukileta spana kioo kinakuaga. Usipake silikoni juu ya raba. Na nunua konekta kwanza ndo ununue meno ya drili, konekta za inchi moja hazilingani, nimekuta ya tundu la milimita 42 na nimekuta ya 47. Elbo kali punguza, weka bendi au elbo mbili za 45. Gundi iache masaa 24 kabla ya maji.

Na uliza kwa aliyekukatia, kile kioo siyo tempa, yaani kilichoimarishwa kwa moto? Tempa haitobolewi, inalipuka chenga zote.

Mtanga wa Nzuguni

Aisee. Lita 162. Nimemsomea mama watoto hiyo hesabu akaniangalia tu hajasema kitu, nadhani ni vibaya zaidi kuliko angesema.

Kioo ni cha kawaida, nimempigia jamaa amethibitisha. Fundi nimemwambia PPR hapana, amenuna kidogo. Ila hiyo ya shaba sijaelewa, kasehemu kadogo vile kanaweza kuua viumbe kwenye lita mia tatu?

Dada wa Mbezi

Kanaweza kaka. Shaba ya valvu ni kopa na zinki, maji ya chumvi yanaila polepole, na kopa hata ikiwa kidogo sana inaua kamba, konokono, minyoo na matumbawe yenyewe. Samaki wanaivumilia ndo maana wanatibiwa vimelea kwa dawa ya kopa, ila kwenye tanki la pembeni, kamwe siyo kwenye tanki lenye matumbawe. Ikishaingia inajificha kwenye mawe na mchanga. Kwa hiyo kagua kila chuma, hata klipu za kubana mipira na skrubu za pampu.

Mimi niko Dar ila nilikaa Dodoma miaka miwili Kisasa pale na katanki kadogo, nikuambie tofauti. Dar nilikuwa naongeza maji kidogo tu kwa siku, Dodoma mwezi wa kumi hewa ni kavu mpaka midomo inapasuka, na ukiweka feni la kupooza, maji yanaondoka mbele ya macho yako. Kwa saizi ya tanki lako jiandae na lita 5 kwa siku na siku nyingine zaidi. Yanayoondoka ni maji tu chumvi inabaki, kwa hiyo unaongeza maji baridi yaliyochujwa, usiongeze ya chumvi kila siku utakuja kufuga dagaa wakavu.

Sasa unganisha na alichosema Mzee. Juu maji hayashuki, kwenye skima hayashuki kwa sababu ya ukuta wa kioo unaotenga vyumba vya sampu, upungufu wote unaonekana kwenye chumba cha pampu. Chumba chako ni lita moja kwa sentimita, lita 5 ni sentimita 5 kila siku, ukienda Tanga siku 3 ukirudi pampu inanusa hewa. Weka boya kama la tanki la choo, la plastiki tupu, lile lenye mkono wa shaba acha dukani. Liunganishe na dumu la lita 20 lililo juu kidogo, usiliunganishe moja kwa moja na bomba la nyumba hata siku moja. Boya likikwama wazi, dumu lote likaingia, chumvi yako inashuka kutoka gramu 35 mpaka 33 kwa lita, kwa kuwa mfumo wako maji halisi ukitoa mawe ni kama lita 330, hapo kila mtu anakasirika ila hafi mtu. Bomba la nyumba likikwama wazi ni msiba na mafuriko kwa pamoja.

Maji ya huko yanatoka visimani, ni magumu, birika lenu linaota ukoko mweupe si ndiyo? Hayo usiyatie hivi hivi. Nunua kichujio cha RO, kile kinachosukuma maji kwenye utando, chenye chupa ya resini mwishoni na kipimo cha TDS, yaani cha vitu vilivyoyeyuka kwenye maji, unataka kipimo kisome sifuri. Kwa kila lita moja safi kinatema tatu au nne, hizo kusanya kwenye simtanki ndogo zifue na kusukuma choo, maana kumwaga maji Dodoma ni dhambi. Chumvi ya tanki ni gramu 35 kwa lita, kwa lita 330 ni kilo 11 na nusu, chumvi maalum ya matumbawe, siyo ya mezani. Kuna wanaosomba maji ya bahari kwa madumu, mimi Dar nafanya hivyo, ila kwako ni madumu 17 kwa kilomita 450, na ukichota pwani ya mjini masika karibu na Msimbazi unaleta matope na magonjwa. Piga hesabu ya usafiri kwanza.

Na matumbawe yenyewe tafadhali usije likizo ukayang'oa Mbudya au Bongoyo, kule ni hifadhi. Na matumbawe magumu yako kwenye orodha ya pili ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kuyasafirisha kuvuka mpaka kunahitaji kibali. Tafuta vipande vilivyokuzwa kwenye matanki ya watu, kipande cha kidole kinakua.

Rifu Kisasa

Mzee wa Sampu heshima yako ila kwa sehemu yenye umeme wa kukatika mimi nasema mabomba matatu, ule mtindo wa Bean Animal. La kwanza limejaa, la pili linapokea ziada, la tatu kavu kabisa linasubiri ajali. Herbie lile bomba la pili tayari lina kazi, sasa dharura ikija nani amepumzika?

Lingine hakuna aliyeligusa, umeme ukikatika watu wanawaza mafuriko tu, kinachoua ni hewa. Dodoma tuko mita 1,100 na ushee juu ya bahari, kanieneo ya hewa ni ndogo, oksijeni inayoweza kuyeyuka kwenye maji ni pungufu kwa kama asilimia 12 ukilinganisha na Tanga, na maji ya chumvi na ya moto yanashika oksijeni pungufu zaidi. Tanki lililojaa samaki likilala kimya masaa kadhaa bila mawimbi unaamka na harufu. Mimi nina betri ya 100Ah ya 12V, kimahesabu ni wati 1,200 kwa saa moja, betri za asidi usitumie zaidi ya nusu, bakia 600. Pampu ya mawimbi ya wati 10 inatembea siku 2 na zaidi. Pampu ya kurudisha ya wati 40 ni masaa 15, toa kinacholiwa na inveta sema 12. Kwa hiyo betri ipe mawimbi kwanza, sampu ikibidi iache ilale, ndo maana ya kuijenga iweze kulala.

Na hita usiidharau kisa Dodoma joto. Mwezi wa 7 usiku unafika 13, 14, na tanki linataka 25 au 26 muda wote.

Mzee wa Sampu

Kisasa hapo kwenye hewa umenipiga bao, sikuiwaza. Kwenye mabomba matatu sikubishii, ni salama zaidi, ila kwa lita 2,000 kwa saa bomba la pili la inchi na robo linabeba mzigo wote huku linasinzia, na kila tundu ni nafasi nyingine ya fundi kupasua kioo. Mtanga achague mwenyewe.

Kitu kimoja nilisahau. Lile bomba la kushusha ncha yake ndani ya sampu izame sentimita 2 au 3 tu. Ukiizamisha sana, umeme ukirudi hewa iliyo ndani ya bomba inashindwa kusukuma maji itoke, linabaki linahangaika.

Na kabla ya chumvi na mchanga, jaza maji ya bomba ya kawaida, uache siku nzima uangalie vitone, halafu zima na kuwasha angalau mara 10.

Mtanga wa Nzuguni

Wakuu nimerudi, wiki tatu zimepita, samahani kwa ukimya, ilikuwa bajeti ofisini.

Nimeenda na mabomba mawili. Matundu nimetoboa mwenyewe na fundi ameshika mpira wa maji, dakika 12 kila tundu bila kukandamiza, jasho lilinitoka kuliko siku ya ndoa. Maji yale ya unga wa kioo ni meupe kama uji. PVC tupu, yunioni 4, geti valvu ya plastiki imekuja kwa basi kutoka Kariakoo. Pampu nimechukua ya 4,000, nikapima kwa ndoo ya lita 20 na saa ya simu, ndoo inajaa sekunde 34, ni kama 2,100 kwa saa.

Sasa majaribio. Nilijaza ya kawaida, nikaweka alama ya 22 kwa makapeni, nikazima swichi. Mara ya kwanza sampu ilipanda mpaka 33 na nusu. Siyo 29 Mzee, 33 na nusu! Moyo ukaniruka. Nikakaa chini na tochi nikafuatilia, kumbe kile kitundu cha hewa nimekitoboa upande wa nyuma wa bomba na nyuma pale kuna mkunjo wa elbo uko chini ya maji, kilikuwa kimezama sentimita 2 zaidi ya nilivyodhani. Nikatoboa kingine juu, nikaziba cha zamani kwa gundi. Mara ya pili ikasimama 30. Nimezima mara 12 jumla, zote ziko kati ya 29 na nusu na 30.

Kuwasha sasa. Bomba la kushusha lilikuwa limezama sentimita 12, likawa linatapika mapovu na kukoroma dakika 4 kabla ya kutulia na bomba la dharura likawa linamwaga kwa nguvu. Nikakata likabaki 3, sasa linatulia ndani ya dakika moja. Kimya kabisa, nasikia friji tu.

Jaribio la kuziba nalo nimefanya, nimeziba mabomba yote mawili kwa matambara. Juu maji yalipanda sentimita 2 na nusu kasoro, pampu ikaanza kunguruma, ukingo umebaki mkavu. Mama watoto alikuwa amesimama nyuma yangu na taulo, akalikunja akaenda zake.

Swali la mwisho, kabati langu ni la chuma cha skweya paipu, nimepiga rangi ya kawaida. Linabeba? Na chumvi haitalila?

Rifu Kisasa

Uzito maji, kioo, mawe na mchanga hesabu nusu tani, na sampu juu yake. Skweya paipu ya inchi 2 yenye miguu 6 inabeba, sakafu iwe ya zege, siyo mbao. Weka shiti ya povu chini ya tanki. Rangi piga redoksaidi, ile ya kuzuia kutu, kwanza mikono miwili ndo rangi juu, na pale kwenye maungio ya weldingi sugua vizuri kutu inaanzia hapo. Nyuma ya kabati acha wazi ipite hewa, mvuke wa chumvi ukifungiwa unakula mpaka bawaba.

Dada wa Mbezi

Hongera kaka. Hayo maji ya majaribio mwaga yote, suuza na RO, ndo uchanganye chumvi. Mimi nina vipande vya zoa na ngozi-laini, yale matumbawe laini, vya kuanzia, tanki likishakaa mwezi mmoja na nusu ukapima amonia na naitraiti, zile sumu zitokanazo na uchafu, zikasoma sifuri niambie, nitakupakia kwenye boksi la povu unakuja unachukua unapanda treni ya asubuhi, mchana uko Dodoma viko hai.

Chizi wa Area D

Kahawa imeisha na sijaondoka. Kumbe hiki kitu ni hesabu ya darasa la sita tu imevaa suti. Naomba kuuliza, tanki la sentimita 60 linaweza kuwa na sampu? Msicheke.

Mzee wa Sampu

Linaweza. Anza na kalamu: urefu mara upana gawa kwa elfu moja, hizo ndo lita zako kwa kila sentimita. Leta namba hapa.

Fundi Koki

Mtanga zile geti valvu za shaba ulizokuwa umeshanunua usizitupe, kuna choo Makulu kinazihitaji. Nakuja jumamosi.